Ligi ya mtaa au timu ya mchujo? Kwanza jua nani anahesabu mirusho ya mwanao

Kila ikikaribia Agosti, kundi letu la WhatsApp la wazazi wa Afrika Mashariki hapa Dallas na vitongoji vyake hujaa swali lile lile. Mtoto ana mkono mzuri, kocha fulani kamwona, kasema aletwe kwenye mchujo wa timu ya selekti, na jibu linatakiwa kabla ya Jumamosi. Wengi wetu tumekulia chandimu. Besiboli tumekutana nayo ukubwani kupitia watoto, kwa hiyo mtu mwenye kofia ya timu akitusifia mtoto tunababaika haraka.

Kijana wangu ana miaka 11 na ni mrushaji, yule anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani. Ameonja pande zote mbili, ligi ya mtaa na selekti, na mimi nimekalia viti vya kukunja vya pande zote mbili, juani. Kama mwanao anacheza nafasi nyingine, angalia pesa, muda na hamu yake mwenyewe, uamue. Lakini kama ni mrushaji, hayo yote yanasubiri swali moja lijibiwe kwanza: mirusho yake inahesabiwa na nani?

Kwa aliye mgeni kabisa: ligi ya mtaa ni kujiandikisha tu. Kila mtoto anapangiwa timu, makocha ni wazazi wanaojitolea, mechi ni mbili kwa wiki kuanzia Machi hadi Juni inapoingia, na uwanja uko jirani. Selekti mtoto anachujwa, kocha mara nyingi analipwa, mazoezi hayaishi, na mechi huchezwa kwa mashindano ya wikiendi. Timu inaweza kucheza mechi nne au tano kati ya Jumamosi asubuhi na Jumapili jioni.

Kwenye hizo mechi tano ndipo penye shughuli. Timu ya watoto kumi na moja haina warushaji wa kuzitosheleza. Kocha ana watatu anaowaamini, na fainali ikikaribia anabaki anawaamini wawili. Mrushaji si kama mchezaji mwingine anayesubiri mpira umfikie. Anasimama futi 46 kutoka kwa mpigaji na kurusha kwa nguvu zake zote, tena na tena, huku wenzake wanane wakimtazama.

Ligi ya mtaa wetu inafuata kanuni za Little League, shirika la ligi za besiboli za watoto lililoanzia Williamsport, Pennsylvania, mwaka 1939. Tangu 2007 wao wanahesabu mirusho. Mtoto wa miaka 7 au 8 haruhusiwi kuzidi 50 kwa siku, wa 9 na 10 mwisho 75, wa 11 na 12 mwisho 85. Kisha kuna mapumziko ya lazima: akirusha 21 hadi 35 anapumzika siku moja, 36 hadi 50 siku mbili, 51 hadi 65 siku tatu, 66 na zaidi siku nne. Aliyerusha 41 au zaidi haruhusiwi kudaka nyuma ya mpigaji siku hiyo hiyo, kwa sababu mdakaji naye hurudisha mpira kwa mrushaji mchana kutwa na mkono wake haupumziki. Mezani kwa mwandishi wa mechi kuna mtu anaandika kila mrusho, na kocha akijisahau anakumbushwa.

Upande wa selekti inategemea mashindano. Baadhi ya tuliyocheza yalihesabu iningi, yaani zamu ya timu kupiga hadi watoto wake watatu watolewe, si mirusho. Iningi moja inaweza kuisha kwa mirusho minane, watoto watatu wakatoka haraka, na inaweza kufika 35 kama mwamuzi ana macho makali na mabeki wanaangusha mipira. Kwenye karatasi zote mbili zinaandikwa moja.

Lakini kinachonitisha zaidi ni mtoto kuwa na timu mbili kwa msimu mmoja, na ndiyo njia ambayo wazazi wengi hupewa kama suluhisho: "Mwache mtaani acheze na rafiki zake, wikiendi aje kwetu." Piga hesabu nami. Jumanne karusha 60 kwenye ligi ya mtaa. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa ni za kupumzika, na kapumzika vizuri. Jumamosi selekti wakamtoa kwenye mirusho 40, halali kabisa, ila Jumapili na Jumatatu hatakiwi kugusa kilima, pale mrushaji anaposimama. Jumapili fainali imebana, kocha anasema jana ulirusha 40 tu, nipe iningi moja; zikapita 30. Jumanne kocha wa mtaa anafungua daftari lake, anaona mtoto hajarusha wiki nzima, anampa 60 nyingine. Hiyo ni mirusho 190 ndani ya siku nane, kabla hujahesabu ya kupasha mwili moto. Ni kama mtu anayekopa kwenye maduka mawili: kila mangi akiangalia daftari lake anaona deni dogo tu.

Ndiyo maana mimi nina daftari langu. Naandika tarehe, timu, idadi, na siku ya kurudi kilimani. Kocha wa timu yoyote akimtaka, namwonyesha. Hakuna aliyewahi kunikasirikia kwa hilo, na angekasirika ningejua nipo mahali pasipotufaa.

Kwa nini nashikilia hivi? Kwa sababu kiwiko cha mtoto si kiwiko cha mtu mzima kilichopunguzwa ukubwa. Upande wa ndani, mfupa bado una sehemu ya gegedu ambako ndiko unakokulia, na gegedu hilo ni dhaifu kuliko kano iliyojishikiza hapo. Kila mrusho wa nguvu unaivuta ile kano. Kwa mtu mzima huchanika kano. Kwa mtoto huanza kubanduka ule mfupa laini. Madaktari huku wamelizoea jeraha hili hata limepewa jina la Little League.

Utafiti wa ASMI, taasisi ya tiba ya michezo ya Birmingham, Alabama, uliofuatilia warushaji vijana kwa miaka kumi ukachapishwa 2011, ulikuta kwamba aliyerusha zaidi ya iningi 100 kwa mwaka alikuwa na uwezekano wa kuumia vibaya mara tatu na nusu ya mwenzake. Utafiti mwingine wa kwao wa 2006 uliwalinganisha vijana waliofanyiwa upasuaji na wasiofanyiwa. Waliokuwa wakirusha zaidi ya miezi minane kwa mwaka walikuwa kwenye hatari mara tano, na waliozoea kurusha mkono ukiwa umechoka mara 36. Namba hiyo ya mwisho niliisoma mara mbili. Mwaka 2014 MLB, ligi kuu ya kulipwa, pamoja na USA Baseball, chama cha besiboli cha Marekani, wakatoa mwongozo wa Pitch Smart, na kwa watoto wa rika la wangu unasema wasizidi iningi 80 kwa miezi 12, na wapate angalau miezi minne kwa mwaka bila kurusha, miwili au mitatu kati ya hiyo ikifuatana.

Nimesikia mzazi uwanjani akisema mtoto akiumia atafanyiwa ule upasuaji wa Tommy John na mkono utarudi na nguvu kuliko mwanzo. Hapana jamani. Upasuaji huo Dkt. Frank Jobe aliufanya mara ya kwanza mwaka 1974 kwa huyo Tommy John, mrushaji wa Los Angeles Dodgers, mtu mzima ambaye kazi yake ilikuwa imekwisha, kwa kuchukua kano ya mkono mwingine na kuipachika kwenye kiwiko. Ni ukarabati, na kupona kwake huchukua mwaka na zaidi. John Smoltz, mrushaji wa kwanza aliyepita kwenye upasuaji huo kuingia Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli, alipopewa heshima hiyo Cooperstown mwaka 2015 alitumia sehemu ya hotuba yake kuwasihi wazazi kwamba besiboli si mchezo wa mwaka mzima.

Usimuulize mtoto kama mkono umechoka. Atasema hapana. Amezungukwa na wenzake, kocha anamtazama, na baba kasafiri saa tatu kumwona. Tazama kiwiko. Kwa kijana wangu, akiwa mzima kiwiko kinapanda usawa wa bega kabla mpira haujatoka. Akichoka kinashuka, na mipira inaanza kupita juu ya kichwa cha mdakaji. Kisha anakawia kati ya mrusho na mrusho: anazunguka nyuma ya kilima, anafunga kamba za kiatu ambazo hazijafunguka, anautikisa mkono pembeni ya mwili akidhani hatuoni. Nikiona viwili kati ya hivyo nasimama karibu na uzio, na kocha wetu wa mtaa siku hizi ananielewa bila maneno.

Makocha wa kufundisha kurusha kwa saa wapo tele, na bei zao si nafuu. Kwa miaka hii mtoto anahitaji aina mbili tu za mirusho: wa kasi, vidole viwili vikikata mshono kwa upana, na wa polepole, mpira ukizama kiganjani huku mkono ukienda kwa kasi ile ile ili mpigaji adanganyike. Mpira wa kupinda unasubiri. Kwenye utafiti lawama kubwa imeiangukia idadi ya mirusho kuliko aina yake, lakini mtoto aliyejua kupinda mapema huombwa apinde kila anapobanwa, na hataki tena kujifunza kulenga. Kocha anayewapima watoto wa miaka 10 kwa bunduki ya kupimia kasi ananipa mashaka.

Sasa nisiifanye ligi ya mtaa kuwa pepo. Mrushaji mzuri huko anachoshwa. Wapigaji wengine wanaogopa mpira na hawapeleki gongo, mdakaji anakosa mpira kila mara, na kuna baba-kocha ambaye mwanawe ndiye anayerusha hata akikosa shabaha na kuwapa wapigaji besi ya kwanza bure iningi nzima. Mwanangu alipokwenda selekti alikutana na wapigaji wanaoutandika mpira wake wa kasi hadi uzioni, na ndani ya msimu mmoja akajifunza kulenga pembe za chini kuliko alivyojifunza mtaani kwa miaka. Hilo siwezi kulikana. Lakini pia alikalia benchi mechi nzima akiwa si zamu yake kurusha, na mtaani kila mtoto anacheza.

Kuhusu pesa nitasema kwa kifupi. Mtaani kwetu ni kati ya dola 100 na 200 kwa msimu. Selekti anza kufikiria 2,000 na kupanda, kabla ya hoteli, mafuta, na kiingilio unachotozwa wewe mzazi getini ili umwone mwanao. Mashindano mengine yanakulazimisha kulala kwenye hoteli walizozichagua wao. Na Jumapili zenu zitakwisha: ibada, madrasa ya wikiendi, harusi ya ndugu Houston, vyote vitagombana na fainali. Safari ya nyumbani nayo, maana kiangazi ndicho wanachokitaka zaidi. Kwangu hilo halikuwa na mjadala. Tukienda Tanga, wiki zile ndizo mapumziko bora ya mkono wake, ukiondoa mawe anayorusha kuangusha ukwaju kwa bibi yake, ambayo sijapata namna ya kuyaandika kwenye daftari.

Na usitishwe na yule anayesema mtoto asipoingia selekti mapema amepotea. Wale watoto wa miaka 12 unaowaona kwenye televisheni kila Agosti wakicheza fainali za dunia za Little League huko Williamsport wanachaguliwa kutoka ligi zao za mtaa. Uganda walifuzu 2011 wakakwama kwenye viza, na 2012 vijana wa Lugazi wakafika, timu ya kwanza kutoka Afrika, wakaifunga timu ya Oregon 3-2.

Ukiamua kwenda kwenye mchujo, nenda na maswali kabla ya kutoa malipo ya awali, kwa kuwa hayarudishwi. Mna warushaji wangapi? Mnahesabu nini, iningi au mirusho, na nani anaandika? Jumapili iliyopita aliyerusha mechi ya mwisho alikuwa amerusha Jumamosi? Anayerusha hudaka pia? Mnapumzika miezi gani? Kocha mmoja alinijibu kwamba watoto wake wana mikono imara. Nilimshukuru nikaondoka. Mwingine alitoa simu, akafungua hesabu za wikiendi nzima kwenye GameChanger, programu ya kuandikia mechi, jina kwa jina, akanionyesha fainali aliyoipoteza kwa sababu mrushaji wake bora alitakiwa kupumzika.

Kwa sasa kijana yuko mtaani, timu moja, na vuli anacheza soka. Baada ya miaka 12 mambo yatabadilika kweli: kilima husogezwa nyuma kidogo kidogo hadi futi 60 na inchi 6 za watu wazima, ligi nyingi za mtaa hupungukiwa watoto, na anayetaka kuchezea sekondari anahitaji wapigaji wagumu. Hapo tutarudi selekti, kwa yule kocha wa simu. Nimeshamuuliza ratiba: mchujo wake ni Agosti, na mwisho wa Oktoba glovu zinawekwa kabatini hadi Januari iishe.