Mtambo wa mafuta hauhitaji themostati: nilivyojitengenezea kidhibiti cha moto

Juzi binti mmoja wa Lushoto ameniandikia. Anakamua mafuta ya kunukia ya mkaratusi na mchaichai nyumbani kwao kwa mvuke: majani yanachemshwa kwenye pipa, mvuke unapita kwenye koili, yaani bomba la shaba lililojikunja na kupoozwa kwa maji, unatoka maji na mafuta. Pipa lake ni la lita 20, kuni ameziacha na sasa anatumia hita ya umeme. Ujumbe wake nauweka kama ulivyo: "Shikamoo dada. Nimenunua themostati ya kidijitali nikaiweka nyuzi 98 kama nilivyoshauriwa, lakini hita haizimi kabisa. Maji yanatibuka mpaka majani yanaingia kwenye koili. Au nimeuziwa feki?"

Marahaba mdogo wangu. Hujauziwa feki. Themostati yako ni nzima, ila umeipa kazi isiyo yake: yenyewe inakata umeme joto likifika namba uliyoipanga. Lushoto mko juu, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na huko maji yanachemka kwenye nyuzi 95. Hayafiki 98 hata uyachemshe mpaka pipa likauke. Kwa hiyo themostati inasubiri namba isiyokuja, na hita inazidi kumwaga wati zake zote. Ungekuwa kwetu Tanga mjini, ambako maji yanachemka kwenye 100, themostati hiyohiyo ingekata kabla ya mchemko, mvuke ungekufa, ikawasha tena, ikakata tena, na wewe umekaa na chupa yako unaambulia matone.

Nalisema hili kwa herufi kubwa moyoni kila ninapoulizwa: kwenye kukeneka, yaani kukamua kwa mvuke hivi, hatudhibiti nyuzi, tunadhibiti nguvu. Maji yakishachemka nyuzi zinasimama palepale. Moto wa ziada haupandishi joto, unazidisha mvuke tu. Mama akipika maharage hashiki kipimajoto. Yakichemka anavuta mkaa pembeni, basi. Kifaa unachokitafuta ni kile kitakachouvuta umeme pembeni.

Na mvuke una hesabu yake. Kila kilowati moja inayoingia kwenye maji yanayochemka inageuza takriban lita 1.6 za maji kuwa mvuke kwa saa. Hita ya geza (ile ya kuchemshia maji ya kuogea) ya kilowati 3 ukiiacha wazi inakusukumia karibu lita 5 kwa saa, na koili ya shaba iliyokaa ndani ya ndoo ya maji haiwezi kupooza mzigo huo. Maji ya ndoo yanapata moto, mvuke unatoka mdomoni ukiwa bado mvuke, na mafuta yanaondoka nao. Nyumba nzima inanukia vizuri. Harufu hiyo ni pesa yako inapotelea dirishani.

Mimi nilianza na mkaa, kama wengi wenu. Makonyo ya karafuu, yaani vijiti vinavyoshika karafuu, nilikuwa naletewa kutoka Muheza, mchaichai nimeotesha mwenyewe nyuma ya nyumba. Makonyo si kazi ya saa moja. Mchaichai unatoa karibu mafuta yake yote mapema, lakini makonyo yanataka kutwa nzima ya mvuke uliotulia, na mkaa hautulii. Ukiongeza, pipa linafoka. Ukisinzia kidogo, matone yanakatika. Mafuta yalikuwa yanatoka, ila leo rangi hii, kesho rangi ile, na mnunuzi wa sabuni hataki bahati nasibu.

Halafu kulikuwa na moshi, na moshi ndio ulioniletea yaliyonipata.

Jirani yangu mmoja aliona koili ya shaba, akaona na pipa linalotoa mvuke uani kwa mtu asiyeuza chakula. Akahitimisha. Jioni moja nikasikia hodi, mwenyekiti wa mtaa huyo na mgambo nyuma yake, wameambiwa napika gongo, pombe kali ambayo nayo hukenekwa kwa koili. Gongo nchini mwetu ni kosa la jinai, kila mtu analijua hilo, na mimi sijawahi kuipika wala sitaipika. Niliwakaribisha ndani. Mwenyekiti aliomba chupa aione. Nilimpa ile ya kupokelea, mafuta yametuama chini na maji juu, maana mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji. Akainusa kwa nguvu kama mtu anayetafuta ushahidi, macho yakamjaa machozi, akakohoa, akanirudishia. Wakaaga, wakaondoka.

Hakuna aliyesema samahani. Kwa muda mrefu watoto wa pale hawakuruhusiwa kuja kucheza na wanangu, kwa sababu mama yao ni mpika gongo. Mpaka leo mimi na jirani yule salamu zetu ni za mbali. Naandika hapa kwa sababu najua wengi wenu mtaletewa maneno hayohayo, hasa mkiwa wanawake. Kabla hujawasha mtambo, nenda mwenyewe ofisi ya serikali ya mtaa, waeleze unakamua mafuta ya kunukia, wape chupa wainuse.

Basi nikaamua kuhamia kwenye umeme. Nilinunua elementi ya geza ya kilowati 3, nikatoboa pipa kwa chini, nikaifunga kwa nati na mpira. Juu yake niliweka wavu wa chuma kisichoshika kutu, kwa sababu jani likigusa elementi linaungua na harufu ya kuungua haitoki kwenye mafuta hata ufanyeje. Sehemu hiyo haikunisumbua. Kilichobaki ni namna ya kupunguza moto.

Nilimfuata fundi mmoja anayetengeneza vifaa vya umeme mjini, nikamwomba tusaidiane. Mimi nimesoma umeme wa majumbani chuo cha ufundi cha VETA, cheti ninacho, nilichotaka ni mwenzangu wa kubishana naye kuhusu mchoro. Hakutazama mchoro. Alisema, "Dada, hii ya kuchezea umeme na maji waachie wanaume, utaunguza nyumba ya mume wako." Watu waliokuwa dukani wakacheka. Nilikunja karatasi yangu nikatoka. Kwenye duka la pili niliuziwa kidhibiti kidogo cha kiganjani kilichoandikwa wati 4,000. Nilikifungua kabla ya kukiunga, nikakuta kipande cha bati chembamba kiasi cha kidole ndicho cha kupoozea trayaki, kile kipande cha ndani kinachopunguza umeme. Trayaki inayopitisha ampia 13 inazalisha karibu wati 15 za joto ndani yake yenyewe. Kibati kile kingezibeba vipi? Nilikirudisha, muuzaji akakataa kunirudishia pesa yangu.

Nikakaa chini nikatengeneza changu. Na kinafanya kazi mpaka leo.

Moyo wake ni rilei ya kielektroniki ya ampia 40, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, aina ile inayoongozwa kwa volumu (kizungushio kama cha sauti ya redio), ambayo jina lake huishia na herufi VA. Usichanganye na ile ya DA, ambayo inasubiri ishara ya volti chache kutoka kwenye themostati na kazi yake ni kuwasha na kuzima tu. Ya VA inakata kila wimbi la umeme kipande, na volumu ya kilo-omu 500 ndiyo inayoamua kipande gani kipite. Ukizungusha unapanda kutoka karibu sifuri mpaka nguvu yote. Nimeifunga kwenye bati nene la aluminiamu lenye mapezi, nikapaka grisi ya kupitishia joto katikati, na feni ya kompyuta inalipuliza. Vyote vimo ndani ya boksi la chuma, na boksi lina waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, uliobanwa kwa skrubu yake peke yake.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kwenye rilei ya VA, miguu ya volumu ina umeme wa ukutani, si umeme mdogo. Kwa hiyo nobu, yaani kishikio cha kuzungushia volumu, iwe ya plastiki, miguu ifunikwe, na usifungue boksi plagi ikiwa ukutani hata kama umezungusha mpaka sifuri.

La pili ni kwamba rilei hizi zikifa, mara nyingi zinafia zikiwa zimefunga. Maana yake hita inapata nguvu yote na nobu haina tena la kufanya. Ndiyo maana boksi langu lina swichi ya kukata waya zote mbili, iko mbele, naifikia bila kuinama. Na pipa likiwa linachemka siendi sokoni wala msibani. Elementi ikibaki bila maji inaungua, na mafuta kama ya mkaratusi yanashika moto kirahisi, kwa hiyo chupa ya kupokelea ikae mbali na boksi, upande mwingine kabisa wa pipa.

Sasa nikufundishe ninachojivunia kuliko boksi lenyewe, yaani namna ya kujua nobu ikiwa hapa ni wati ngapi. Mita nyingi za bei rahisi zinadanganyika, kwa sababu wimbi likishakatwa vipande haziwezi kulisoma sawasawa. Ila nyumbani una mita isiyodanganyika hivyo: LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Itazame usoni, ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni yake pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh, yaani mipepeso 1,000 kwa uniti moja. Zima friji, zima taa zote, acha hita tu. Hesabu mipepeso kumi kwa saa ya simu. Kwa mita ya 1000, gawanya 3,600 kwa sekunde za mpepeso mmoja. Kumi zikichukua sekunde 30, mmoja ni sekunde 3, hivyo hita inakula wati 1,200. Piga mstari kwa kalamu ya wino kwenye boksi, andika 1200. Zungusha kidogo, hesabu tena, piga mstari mwingine. Mita ikiwa na namba nyingine, anza kwa kugawanya 3,600,000 kwa namba hiyo, kisha endelea vilevile.

Wenye mita iliyotundikwa juu ya nguzo, tumieni chupa. Kinga kinachotoka kwa robo saa, zidisha kwa nne upate lita za saa, kisha zidisha kwa 630. Hizo ndizo wati zinazofika kweli kwenye koili. Zitakuwa chini ya zile za LUKU, kwa sababu pipa linapoteza joto ubavuni. Pipa langu nimelizungushia blanketi kuukuu, na tofauti niliiona siku hiyohiyo.

Kwa lita 20, hita ya kilowati 3 inafikisha maji kwenye mchemko ndani ya dakika 35 hivi. Hapo ndipo unashusha mpaka wati 1,200. Mimi hapo napata lita moja na nusu kwa saa, koili iko baridi ukiigusa kwa chini, matone yanafuatana bila kukatika. Jioni umeme wa mtaani ukishuka, volti 230 ikawa 200, hita inapoteza karibu robo ya nguvu yake ingawa hujagusa nobu. Usishangae matone yakipungua saa moja usiku watu wanapopika. Ongeza kidogo, na umeme ukirudi punguza.

Wasiotaka kugusa rilei, njia ipo. Chukua elementi mbili za kilowati 3 zinazofanana. Ikifanya kazi moja peke yake una kilowati 3 za kuchemshia. Ukiziunga mfululizo, umeme ukapita ya kwanza ndipo uingie ya pili, zote mbili kwa pamoja zinatoa kilowati 1.5 tu. Swichi ya kugeuza ya ampia 20 inatosha kuhama kutoka huku kwenda kule. Hakuna cha kuungua humo zaidi ya swichi.

Kuhusu ethi sibembelezi mtu. Maji, chuma na umeme vimekaa pamoja, na wewe umesimama peku uani. Vuta laini ya hita peke yake kutoka kwenye bodi, waya wa milimita 2.5 na breka ya ampia 20, maana soketi ya kawaida ikibeba ampia 13 kutwa nzima inaweza kuyeyuka. Weka na breka ya uvujaji ya miliampia 30, ile yenye kitufe cha T, na ubonyeze kitufe hicho kila unapoanza kazi. Kama hujasomea, mlipe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, akufanyie sehemu hii. Atakayekucheka, toka utafute mwingine, wapo wanaoheshimu kazi ya mtu.

Mzigo wangu wa mwisho wa makonyo umechukuliwa wote na mtengeneza sabuni wa Dar es Salaam. Safari hii hakuomba sampuli, alituma pesa kwanza. Anasema chupa zote zina rangi moja na harufu moja.

Kwa hiyo wewe wa Lushoto, themostati usiitupe. Ifunge kwenye bati la rilei, iambie ikate umeme bati likifika nyuzi 70, itakulinda vizuri sana hapo. Kwenye pipa weka nobu. Ukishapiga mistari yako, niandikie namba iliyo kwenye mita yenu na sekunde ulizopata, tuhesabu pamoja.