Kona ya Shabaha: Mtutu Ndio Unaochagua Risasi

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: risasi ndogo za .22, yaani zile za milimita 5.6 zinazotumika katika mashindano ya bunduki ya mita 50 na bastola ya mita 25. Nimefupisha baadhi ya maswali bila kugusa maana yake. Majibu yanawahusu wasomaji wenye leseni, wanaofyatua katika viwanja vilivyoruhusiwa na chini ya usimamizi.

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mwanachama wa klabu moja hapa jijini na ninashindana kwa bunduki ya .22 katika mita 50, nikiwa nimelala. Nilijinyima nikanunua boksi la risasi za bei ya juu kabisa, aina ambayo washindani wa Olimpiki huitumia. Matundu yangu yalitawanyika kuliko ya mwenzangu ambaye risasi zake hazifiki hata nusu ya bei hiyo. Je, nimeuziwa bidhaa bandia, au bunduki yangu ni mbovu? (Msomaji, Tegeta)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla hujamshuku muuzaji au kuichukia bunduki yako, fahamu kwamba jambo lililokupata ni la kawaida sana katika mchezo huu. Risasi hii, ambayo ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1887, haina kiwashio katikati ya kitako kama zilivyo risasi kubwa. Kemikali ya kuwashia imesambazwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, na pini ya bunduki huuponda ukingo huo ili moto uwake. Kwa sababu hiyo ganda likishatumika halijazwi tena. Mlengaji wa bunduki kubwa anaweza kujipimia baruti yake mwenyewe, akaongeza na kupunguza mpaka mtutu uridhike, lakini sisi wa .22 tunapokea kilichotoka kiwandani kama kilivyo, na uhuru pekee tuliobakiwa nao ni wa kuchagua.

Unapolipa bei ya juu unalipia ulinganifu: baruti iliyopimwa sawasawa, kiwashio kilichoenea vizuri katika ukingo wote, vichwa vya risasi visivyotofautiana umbo wala uzito, na nta ya kulainisha iliyopakwa kwenye vichwa hivyo kwa kiasi kile kile. Ulinganifu huo si anasa. Risasi mbili zikipishana mwendo kwa mita 10 tu kwa sekunde, basi katika mita 50 moja itatua chini ya nyingine kwa takriban milimita 8, hata kama mkono wako haukutikisika. Sasa linganisha na shabaha yenyewe, ambapo duara la katikati, la alama 10, lina kipenyo cha milimita 10.4. Kwa kuwa tundu linalogusa mstari huhesabiwa alama ya juu, na risasi ina upana wa milimita 5.6, kitovu cha tundu kinaweza kuwa milimita 8 kutoka katikati na bado ukapata 10. Kwa hiyo risasi zinazotawanyika ndani ya milimita 16, kitovu kwa kitovu, zinatosha kwa mashine iliyofungwa mezani, lakini binadamu anayepumua hazimwachii nafasi yoyote ya kukosea.

Hata hivyo, ulinganifu wa risasi ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mtutu wako. Chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, katika bunduki moja imechongwa kwa kubana na katika nyingine ina nafasi kidogo. Mifuo ya ndani ya mtutu, inayoizungusha risasi, huanza karibu hapa na mbali kule. Kila mtutu una mtikisiko wake risasi inapopita. Kichwa cha risasi cha madini laini ya risasi huathirika na tofauti hizi ndogo, na kila ndege huruka kwa ubawa wake. Ndiyo maana watengenezaji kama Eley wa Birmingham, Uingereza, na Lapua wa Finland, ambao risasi zao ndogo hutengenezwa Schönebeck, Ujerumani, wanavyo viwanja vya majaribio ambamo mshindani hufunga bunduki yake na kufyatua risasi za mikupuo mbalimbali, yaani mafungu yaliyotengenezwa kwa mkondo mmoja, mpaka apatikane mwenza wake. Ninasema mikupuo kwa makusudi. Risasi za jina moja, boksi moja kwa sura na bei moja, zikitoka katika mikupuo miwili tofauti ya uzalishaji, zinaweza kutofautiana katika mtutu wako kuliko zinavyotofautiana na za kampuni nyingine. Namba ya mkupuo huchapishwa kwenye boksi. Ikiwa boksi lako halina namba hiyo, au uchapishaji wake unatia shaka, hapo ndipo wasiwasi wako kuhusu bidhaa bandia unapata msingi.

Fanya hivi. Tafuta aina nne au tano kwa wakala mwenye kibali, ukichanganya za bei ya kati kama SK Standard Plus au CCI Standard na moja au mbili za juu kama Eley Tenex, Lapua Center-X au RWS R50, kwa kadiri zinavyopatikana na kibali chako kinavyoruhusu. Nenda uwanjani asubuhi mapema, kabla upepo wa bahari haujaamka. Weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga mezani, kwa maana siku hiyo anayepimwa ni risasi, si wewe. Kila unapobadili aina, fyatua kwanza risasi 10 hadi 20 ambazo hutazihesabu, kwa sababu nta ya aina iliyotangulia bado imo ndani ya mtutu na itaharibu matokeo ya aina mpya. Walio wengi huruka hatua hii kwa kuona uchungu wa gharama, kisha wanailaumu risasi isiyo na hatia. Nadhani ndicho kilichokupata wewe: boksi moja la risasi 50, nusu yake imeishia kusafisha nta ya zamani.

Baada ya hapo fyatua makundi manne ya risasi 10 kwa kila aina na upime umbali kati ya vitovu vya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Usidanganywe na kundi la risasi tano, kwa sababu risasi tano zinaweza kukusanyika kwa bahati hata zikiwa za hovyo. Usitazame pia kundi zuri kuliko yote na kulipigia picha; tazama lililo baya kuliko yote, maana hilo ndilo litakalokutembelea siku ya mashindano. Bunduki nzuri na risasi inayoipenda zinaweza kuweka risasi 10 ndani ya milimita 15 au chini yake. Ukiipata aina hiyo, rudi kwa wakala ununue mkupuo ule ule, namba ile ile, kwa kiasi kikubwa ambacho kibali na mfuko wako vinaruhusu, kisha uzitenge kwa ajili ya mashindano. Mazoezi ya kawaida yafanye kwa risasi za bei nafuu zenye nta ya kampuni hiyo hiyo, ikiwezekana. Na mwenzako mwenye risasi za bei ndogo, mwache na furaha yake. Mtutu wake umekwisha kusema unachotaka.

SWALI: Upepo wa kusi unatutesa sana kwenye uwanja wetu. Nimeona risasi za .22 zilizoandikwa mwendo wa mita 380 hivi kwa sekunde, wakati za mashindano hazifiki hata 335. Je, risasi ya kasi si ndiyo ingepenya upepo vizuri zaidi? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Hoja yako inavutia akili, lakini hewa haikubaliani nayo. Kinachoamua upepo utaisukuma risasi kiasi gani ni kasi inayopotea njiani zaidi kuliko muda wa safari. Risasi inayotoka kwa kasi kubwa kuliko sauti hupata upinzani mkubwa sana wa hewa na hupoteza kasi yake haraka. Kwa upepo wa ubavuni wa mita 4 na nusu kwa sekunde, risasi ya mashindano husogea takriban sentimita 3 katika mita 50, na ile ya kasi kama sentimita 4. Umelipia kasi, ukapewa upepo zaidi.

Lipo na la pili. Katika hewa yetu ya nyuzi 30, sauti husafiri kwa mita 349 hivi kwa sekunde. Risasi iliyoanza na 380 itashuka chini ya mwendo huo kabla ya kufika kwenye shabaha, na katika kuvuka mpaka huo mawimbi ya hewa huitikisa na kuondoa utulivu wake. Risasi ya mashindano imetengenezwa ikae chini ya mpaka tangu mwanzo hadi mwisho. Hapa Dar es Salaam tuna bahati ambayo watu wa nchi za baridi hawana: kwenye nyuzi sifuri mwendo wa sauti hushuka hadi 331, na huko risasi ya 330 huwa ukingoni kabisa. Sisi joto letu linatuachia nafasi.

Kuhusu kusi, dawa yake ni bendera za upepo na subira. Chagua hali moja ya upepo inayojirudia mara nyingi, rekebisha kilengeo kwa hali hiyo, na ukiona bendera zimebadilika, ondoa kidole kwenye kifyatulio ungoje.

SWALI: Nimesikia kuna walengaji wanaopima uzito wa kila risasi na unene wa ukingo wake, kisha wanazipanga kwa makundi. Je, inafaa? (Msomaji, Upanga)

JIBU: Kwa risasi za bei nafuu, kupanga kwa unene wa ukingo kunaweza kukuonyesha zile chache zilizo tofauti sana, ukazitumia kwa mazoezi, kwa sababu ukingo ndio unaoishikilia risasi mahali pake ndani ya chemba. Kwa risasi za daraja la juu, kiwanda kimeshafanya kazi hiyo. Kupima uzito kuna kasoro nyingine: mizani inakupa jumla ya ganda, baruti, kiwashio na kichwa, na huwezi kujua tofauti uliyoiona imetoka kwenye kipi. Jioni nzima ya kupima uzito ingekuwa na faida kubwa zaidi kama ungeitumia kufanya mazoezi ya kubana pumzi na kufinya kifyatulio bila risasi.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili niliyeanza bastola ya mita 25 mwaka jana. Wenzangu wa bunduki wananiambia ninunue risasi za gharama kama zao. Nifanyeje? (Msomaji, Mikocheni)

JIBU: Dada yangu, wapuuze kwa heshima. Katika sehemu ya kulenga taratibu duara lako la 10 lina kipenyo cha milimita 50, na katika sehemu ya haraka lina milimita 100, kwa hiyo tofauti ya milimita chache ambayo mwenye bunduki hulala akiiota haitakupunguzia alama. Wewe unahitaji risasi isiyokwama. Katika sehemu ya haraka shabaha hukupa sekunde 3 tu kwa kila risasi, na risasi iliyokataa kuingia chemba au kuwaka inakuvunja moyo kuliko upepo wowote.

Chukua risasi za mwendo wa kawaida, au zilizotengenezwa mahususi kwa bastola za mashindano, ambazo husukuma nyuma kwa upole. Epuka zile za kasi, kwa sababu bastola nyingi za mashindano hazikujengwa kwa nguvu hiyo na utazichosha kabla ya wakati. Vichwa viwe vya madini laini ya risasi, kama kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Kulenga Shabaha, ISSF, zinavyotaka. Pima kwa kufyatua mamia kadhaa ukitumia magazini zako zote, na uandike kila kukwama kulitokea kwenye magazini ipi. Mara nyingi mkosaji huwa magazini moja, na risasi husingiziwa.

SWALI: Joto la jiji hili linaharibu risasi? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Joto la kivulini haliziharibu. Ndani ya gari lililofungwa na kuachwa juani ni habari nyingine: nta hulainika na kuteleza upande mmoja wa kichwa, baruti iliyopata joto hubadili mwendo, na risasi ulizozipima kwa uangalifu hazitakuwa zile zile. Siku ya mashindano zibebe kwenye kisanduku kisichopitisha joto, na usiiache risasi ikikaa ndani ya chemba ya mtutu uliokwisha kupata moto wakati unasubiri upepo. Nyumbani ziwe ndani ya boksi lake la asili, ndani ya chombo kinachozuia unyevu, kwenye kabati la chuma lenye kufuli kama sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 inavyokudai utunzaji salama.

SWALI: Risasi ikigongwa na isiwake, ningoje muda gani? (Msomaji, Mbezi Beach)

JIBU: Mtutu ubaki umeelekea kwenye shabaha, inua mkono kumwita msimamizi wa uwanja, na usifungue chemba kabla ya sekunde 30, kwa sababu moto unaweza kuchelewa kufika kwenye baruti. Risasi za .22 hukataa mara nyingi zaidi kuliko kubwa, hasa pale pini inapogonga sehemu ya ukingo ambayo kiwashio hakikufika vizuri. Ukiona zimekataa kadhaa za mkupuo mmoja, mpe fundi aikague pini kwanza kabla ya kulitupia lawama boksi.

Hatari kubwa zaidi ni ile iliyowaka kwa sauti hafifu isiyo ya kawaida. Hiyo huenda imekiacha kichwa ndani ya mtutu, na ukifyatua nyingine nyuma yake utaupasua. Simama hapo hapo, toa magazini, fungua chemba, na mtutu uchunguzwe kwa ufito kutoka nyuma hadi mbele kabla hujagusa risasi nyingine.