Gunia la mashati nyuma ya marobota: vile nilijifunza ubora hauanzi kwa meza ya wakaguzi

Niko kwa kiwanda cha kushona yunifomu za shule hapa Industrial Area, Nairobi, mwaka wa tisa sai, na kabla sijakuambia habari ya chati na kozi na vyeti wacha nikuambie nilichokikuta siku moja nyuma ya marobota ya kitambaa. Ilikuwa Januari, shule zinafunguliwa, oda zimetubana mpaka watu wanakula mchana wakiwa wamesimama, nami natafuta robota la bluu. Nikavuta gunia. Ndani kulikuwa na mashati 38, yameshonwa yakaisha mpaka vifungo, na yote kola zimeenda upande.

Hayakuwa ya kuibwa. Yalikuwa yamefichwa.

Wakati huo sheria yetu ilikuwa hivi, shati likirudishwa na wakaguzi, fundi aliyelishona anakatwa shilingi 50. Tuliona ni sheria nzuri, mtu akiguswa mfukoni atakuwa makini, na kweli kwa karatasi makosa yalikuwa yameshuka na mimi kama supavaisa nilikuwa napelekea bosi ripoti nikiwa na furaha kabisa. Kumbe makosa yalikuwa yamehamia kwa gunia.

Nikaenda kwa mama mmoja wa laini ya kola, huyo ndiye alinionyesha overloki nikiwa mgeni, nikamuuliza pole pole, mathe, mbona hukuniambia? Akaendelea kukanyaga cherehani kidogo, halafu akasimamisha. "Kijana wangu, ningekuambia ungenikata. Na hiyo kola si mimi nimeipinda, ilikuja imepinda." Siku hiyo nilisikia ile ya kukatwa peke yake. Ile ya pili, kwamba kola ilikuja imepinda, ilinichukua karibu mwaka kuisikia, na bado inaniuma kwa sababu jibu la shida yetu lilikuwa pale pale mdomoni mwake.

Baadaye nikaanza kozi ya jioni town, natoka kazini naenda kwa miguu kwa sababu foleni ya saa kumi na mbili haingojei mtu, nafika nikiwa na vumbi mpaka kwa masikio. Huko ndiko nilikutana na habari ya W. Edwards Deming, Mmarekani wa takwimu, aliyealikwa Japani mwaka wa 1950 kufundisha wahandisi na mameneja wakati bidhaa za Japani bado zilikuwa zinajulikana kwa ubovu. Mwaka wa 1951 Wajapani wakaanzisha tuzo yenye jina lake. Ana mafundisho yake 14, na la nane ndilo lilinisimamisha: ondoa woga kazini. Nilisoma huo mstari nikaona gunia.

La tatu nalo linasema usitegemee ukaguzi kupata ubora. Fikiria sisi, tulikuwa na wakaguzi sita mwisho wa laini na tulikuwa tunajisifu nao, lakini shati likifika kwao kitambaa kishakatwa, uzi umeenda, stima imelipwa, mtu amekaa hapo ameshona, sasa mkaguzi akisema hili ni baya amekuambia tu umepata hasara kiasi gani. Hajakuzuia chochote.

Shida ilikuwa bosi. Ukimwendea bosi wa biashara na maneno ya woga kazini atakuona unatetea uvivu. Deming alikuwa na onyesho lake la shanga, sanduku lenye shanga 4,000, nyeupe 3,200 na nyekundu 800, watu wanachota kwa kibao chenye matundu 50 na wanaambiwa watoe nyeupe tupu, na kila anayetoa nyekundu nyingi anagombezwa. Mimi sikuwa na shanga. Nikaenda sokoni nikanunua mahindi kilo nne na njahi, yale maharagwe meusi, kilo moja, nikachanganya kwa sufuria kubwa, nikabeba na upawa. Nikaita mafundi sita mbele ya bosi nikawaambia mahindi ni shati nzuri, njahi ni shati mbovu, funga macho, chota, tuhesabu. Wa kwanza akatoa njahi 14. Wa pili 9. Kijana mmoja akatoa 5 watu wakampigia makofi. Raundi ya pili huyo wa 5 akatoa 12, na yule wa 14 akatoa 7. Nikamwambia bosi, kwa sheria yetu huyu wa kwanza leo ungemkata na huyu kijana ungempandisha cheo, na wote wamechota kwa sufuria moja na upawa mmoja na macho yamefungwa.

Bosi alikaa kimya akiangalia ile sufuria. Halafu akauliza, "Sasa ni nani ameweka njahi huku ndani?"

Nikamwambia ni sisi, bosi.

Sheria ya kukata mshahara ilitolewa wiki hiyo hiyo. Sasa sikiliza hapa vizuri maana hapa ndipo wengi wanaachia njiani: mwezi wa kwanza makosa yaliyoandikwa yalipanda karibu mara tatu. Bosi alinipigia simu usiku. Ikabidi nimweleze kwamba hayo si mapya, ni yale yaliyokuwa yanalala kwa magunia na chini ya meza, mengine yalikuwa yanafika mpaka dukani na mzazi anayarudisha akilalamika. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa wagonjwa ndio walikuwa wameanza kusema wanaumwa wapi. Kwa hivyo kama unataka kuanza hii kazi, mwambie mkubwa wako mapema, kabla hujagusa kitu, kwamba namba zitaharibika kwanza. Ukingoja aone mwenyewe ataifunga.

Baada ya hapo hatukununua kompyuta wala programu yoyote. Nilinunua daftari ya hesabu, ile ya mraba ya watoto wa praimari, nikaichora safu: kola, mfuko, vifungo, pindo, doa la oili, na kila kasoro ikitokea fundi mwenyewe anaweka mstari mmoja. Hakuna jina. Hiyo ya kutoweka jina niliipigania sana. Wiki mbili tu, tukajumlisha, kola na madoa ya oili zilikuwa zimebeba zaidi ya nusu. Joseph Juran, mtaalamu mwingine wa ubora, ndiye aliyesisitiza hili, kwamba visababishi vichache ndivyo vinaleta sehemu kubwa ya hasara, na akaliita kwa jina la Pareto, mchumi wa Italia. Sisi kabla ya hapo tulikuwa tunapigana na kila kitu kwa pamoja na tunachoka bure. Oili ilikuwa rahisi, mashine mbili zilikuwa zinavuja, fundi wa mashine akaja akabadilisha sili jioni moja.

Kola ndiyo ilikuwa na mizizi. Mbona inapinda? Kwa sababu vipande viwili havitoshani. Mbona havitoshani? Kwa sababu kwa robota moja kipande cha juu na cha chini vinapishana karibu nusu sentimita. Mbona vinapishana? Kwa sababu mzee wa kukata anaweka matabaka mengi na kisu kinasukuma kitambaa badala ya kukikata. Mbona kinasukuma? Ni butu. Mbona ni butu na hajasema? Hapo mzee alinyamaza kwanza, halafu akasema mara ya mwisho aliyoomba kisu kipya aliulizwa kama anafikiri kampuni ni ya babake. Akaacha kuomba. Ukiangalia vizuri, swali la tano limeturudisha pale pale, kwa woga. Mama wa kola alikuwa anakatwa shilingi 50 kwa ajili ya kisu ambacho mtu mwingine aliogopa kuomba, na aliyemjibu hivyo hata hakumbuki.

Kuna Mjapani Kaoru Ishikawa, yule wa mchoro wa mfupa wa samaki wa kupanga visababishi vya shida, alikuwa anafundisha kwamba hatua inayofuata ndiyo mteja wako. Nilichukua hilo neno vile lilivyo nikamwomba mzee wa kukata akae asubuhi moja kando ya mama wa kola, sio kumkagua, akae tu aone. Alikaa na kikombe chake cha chai. Akamwona anavuta kipande, anapima, anafumua, anavuta tena, vidole vina alama za sindano. Miaka mingi wamefanya kazi chini ya paa moja na hakuwahi kuona vipande vyake vinafanya nini vikitoka kwa meza yake. Aliporudi alipunguza matabaka kabla hata mimi sijafungua mdomo.

Kuhusu kununua, nitasema kidogo tu, uzi wa bei ya chini tuliokuwa tunachukua ulikuwa unakatika, na kila ukikatika fundi anasimama anatunga upya, hesabu muda huo kwa siku nzima utaona rahisi iligeuka ghali. Deming alilisema pia, usinunue kwa kuangalia bei peke yake.

Na cheti? Naulizwa sana. ISO 9001, ile ya kimataifa ya mfumo wa ubora, ni kitu kizuri, KEBS, shirika la viwango la Kenya, wako hapa South C na wanafundisha, nenda. Lakini jua cheti hicho kinahusu mfumo wako wa kazi, hakisemi hili shati ni zuri, na mfumo ambao watu wanaogopa kuuambia ukweli utajaza fomu safi kabisa huku magunia yanajaa nyuma. Sisi tulikuwa tumeandika UBORA KWANZA kwa ukuta na rangi nyekundu, herufi kubwa, na gunia nililikuta hatua kumi kutoka hapo. Tulipaka ukuta upya. Mahali pale sasa pana chati ya ile mistari ya daftari na kila mtu anaisoma akienda chai.

Kitu cha mwisho tuliweka ni kitambaa. Sakichi Toyoda, kabla ukoo wake haujaingia kwa magari ya Toyota, alitengeneza mitambo ya kufuma inayosimama yenyewe uzi ukikatika, ili isiendelee kutoa kitambaa kibovu. Basi kila cherehani kwetu ina kipande cha kitambaa chekundu, ukiona kitu hakiendi sawa unakitundika juu na laini inasimama mpaka mtu aje. Miezi miwili ya kwanza hakuna aliyegusa. Wa kwanza kukitundika alikuwa yule mama wa kola, na nilikimbia kwenda kwake kwa sababu nilijua laini nzima inaangalia nitasema nini. Nilisema asante mathe, tuone.

Juzi Jumanne saa nne asubuhi mzee wa kukata alisimamisha meza yake mwenyewe akasema kisu kimeanza kuvuta nyuzi. Kipya kilikuwa kwa droo. Tulibadilisha, kama dakika kumi na tano hivi, na kazi ikaendelea.