Although na but hazikai pamoja

SWALI: Mwalimu habari, mimi ni makanga hapa Embakasi, jioni nasoma Kiingereza. Nimeandika "Although it rained, but I went to work" nikawekewa mkasi mkubwa. Si Kiswahili tunasema ingawa halafu lakini? Kosa liko wapi?

JIBU: Hapo wengi tunateleza ndugu yangu, hata mimi nilikuwa naandika hivyo mpaka fomu two. Kiswahili kinakubali "ingawa mvua ilinyesha lakini nilienda", Kiingereza hapana, kiunganishi kimoja kinatosha, so chagua: "Although it rained, I went to work" ama "It rained, but I went to work". Hiyo ya but ndiyo sentensi ambatano, kila upande unasimama peke yake, na koma inakaa kabla ya but si baada. Viunganishi vya hiyo kazi ni 7 tu: for, and, nor, but, or, yet, so. Nor ndio msumbufu, inageuza mpangilio: "He didn't pay, nor did he apologise" (abiria kama huyo unamjua). Na ukiweka koma tupu bila kiunganishi, "It rained, I went", mkasi unarudi.