Usibandue stika iliyo juu ya chipu

Mizani ya kupimia magunia ililetwa kwangu skrini ikiwa haiwaki. Nikaifungua, nikabandua stika chakavu juu ya chipu ili nisome namba, 8751, kisha nikaiosha bodi na kuianika barazani. Kapasita niliyoagiza ikachelewa, bodi ikakaa juani karibu wiki mbili. Siku ya kuiwasha, umeme uliingia vizuri lakini mizani kimya. Chini ya ile stika palikuwa na kidirisha cha kioo, na jua lilikuwa limeshafuta programu yote.

Tangu hapo, nikishika bodi ya zamani najiuliza kwanza: programu imekaa wapi? Umri wa chipu ndio unaojibu.

Maikrokontrola (chipu zenye kompyuta ndogo nzima ndani yake) za mwanzo, mfano TMS1000 ya Texas Instruments iliyoingia sokoni 1974, zilichorwa programu kiwandani, ndani ya silikoni yenyewe. Baiti 1,024 tu, na bado zilitosha kuendesha Simon, mchezo wa kielektroniki wa 1978. Programu hiyo haifutiki wala haibadiliki. Chipu ikiungua, tafuta bodi mbovu ya mashine ileile uichomolee. Yenye namba hiyohiyo kutoka mashine nyingine imebeba kazi ya wenyewe.

Mwaka 1976 Intel ikaleta familia ya 8048, ambayo baadaye iliingia hadi kwenye kibodi ya IBM PC. Ndugu yao 8748 ndiye mwenye kidirisha: unamfuta kwa taa ya urujuanimno, unamwandika upya. 8751 ni wa ukoo unaofuata, wa 1980, mwenye baiti 4,096. Kwa wahandisi ilikuwa raha. Kwa sisi mafundi ni mtego, maana jua nalo lina mwanga huohuo wa urujuanimno, na jua kali la wiki moja hivi linatosha kufuta. Ukilazimika kubandua stika, ziba kwa tepu nyeusi papo hapo, na unakili programu kabla hujagusa kitu kingine.

Ukikuta 8031, ndugu wa 8751, pumua. Yenyewe haina programu ndani. Programu imo kwenye chipu jirani, tazama hiyo.

Zilizoingia 1993, PIC16C84 na AT89C51, hufutwa kwa umeme. Hizo anika utakavyo.

Mizani ya mteja? Nilipata mwenzake kwa wauza chuma chakavu, stika bado ipo. Niliinakili usiku uleule, nakala mbili.