Vespa PX 150 iliyolala stoo: usiikate, na usianze na rangi

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Umeachiwa skuta ya babu, Vespa PX 150, imelala stoo Ujiji miaka kumi na mitano, kiki haishuki. Unataka uikate nyuma iwe fupi, uweke siti ya mtu mmoja, upige rangi mpya, na injini uweke ya pikipiki ya Boxer kwa sababu spea zake zipo kila duka. Nakujibu kwa niliyoyapitia mwenyewe hapa hapa Kigoma. Yangu ilikuwa ya baba mdogo, akiendea nayo kazini, na siku ninaivuta kutoka uani kwake nilikuwa na mawazo kama hayo hayo ya kwako.

La kwanza: usiikate. Vespa haina fremu ya mabomba kama pikipiki tulizozoea. Bodi ndiyo chesesi. Yale mabati yameungwa yakawa kitu kimoja, na ndiyo yanayobeba injini, shokapu, tanki na wewe mwenyewe. Aliyeichora Vespa ya kwanza ya mwaka 1946, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege, ndiyo maana hata gurudumu la mbele limeshikwa upande mmoja tu kama tairi la ndege. Ukikata nyuma iwe fupi unapunguza nguvu ya mashine pale pale inapobeba mzigo wote, na hutaligundua hilo ukiwa uani. Utaligundua kwenye shimo ukiwa na mtu nyuma.

Suala la Boxer nalo linaishia hapo hapo. Pikipiki ya kawaida injini imefungwa kwenye fremu, mnyororo unapeleka nguvu nyuma. Vespa haina mnyororo. Gurudumu la nyuma limefungwa kwenye shafti inayotoka moja kwa moja kwenye gia boksi, na kasha la injini lenyewe ndilo mkono unaopanda na kushuka na shokapu. Ukiitoa injini umetoa na mkono wa nyuma wote. Ili Boxer ikae lazima ukate bodi, uchomee mkono mpya, utafute pa kupitisha mnyororo, na mwisho utakuwa na pikipiki mbovu iliyovaa koti la Vespa. Rudisha injini yake. Inarudi, nakuhakikishia.

Sasa hiyo kiki isiyoshuka. Waulize kwanza nyumbani kama kuna mtu aliwahi kumimina oili kwenye tundu la plagi kabla ya kuilaza. Sisi wa Kigoma tuna mfano wetu mkubwa: Wajerumani walipoizamisha meli yao mwaka 1916, hii tunayoiita Liemba, waliipaka injini grisi nzito kwanza. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ziwani. Injini iliyolala na mafuta na iliyolala kavu ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kama ililala kavu, usiirukie kiki kwa mguu, utavunja meno ya ndani. Toa plagi, mimina vijiko viwili vitatu vya dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi nusu kwa nusu, uiache. Kesho yake jioni ongeza. Siku ya tatu au ya nne ingiza gia ya nne, shika usukani, isukume mbele na nyuma kidogo kidogo. Kwenye gia ya nne gurudumu ndilo linaloizungusha krenki (shafti inayopandisha na kushusha pistoni), kwa hiyo una nguvu bila kuumiza kiki. Yangu ilichukua siku tano, ikatoa mlio mdogo kama mlango wenye kutu, ikaachia. Kuna mtu atakushauri utumie mawese kwa kuwa yapo jikoni. Usikubali. Yanaganda jioni ikipoa na yanaacha utandu unaonata kwenye ringi za pistoni.

Ikiachia, kishawishi kitakuwa kuweka petroli na plagi mpya uiwashe. Hapo ndipo mimi niliharibu, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika haya yote.

Niliiwasha. Iliwaka kiki ya tatu. Nikafurahi, nikaipeleka kwa mpiga rangi, ikarudi inang'aa, nikaanza kutembelea. Baada ya wiki mbili nikaona jambo: ukiachia mkono wa mafuta, injini haishuki mara moja. Inabaki inalia juu sekunde mbili tatu ndipo inatulia. Nikaona ina nguvu, imechangamka. Jumapili moja natoka stesheni kupanda kwenda Mwanga, hapa hapa mjini, gia ya pili, jua la saa nane, katikati ya kilima gurudumu la nyuma likafunga ghafla kama mtu ameshika breki. Nilibana klachi nikashukia pembeni. Nilipoifungua baadaye, pistoni upande wa ekzosi ilikuwa imeyeyuka juu juu, aluminiamu imepakazwa kwenye ukuta wa silinda kama siagi, na ringi moja imeshikwa humo humo kwenye mfereji wake.

Sababu ilikuwa sili ya oili upande wa sumaku, lile gurudumu la kuzalisha umeme kwenye ncha ya krenki. Kampira kenye thamani ya sahani mbili za wali.

Nieleze kidogo, maana mafundi wetu vijana wamekulia kwenye injini za mapigo manne na hawana kosa kutolijua hili. Injini hii ni ya mapigo mawili, haina vali kule juu. Petroli na hewa vinaingia kwanza chini ya pistoni, kwenye chumba cha krenki, halafu pistoni ikishuka inavisukuma kupanda juu. Kile chumba ni pampu. Krenki inatokeza pande zote mbili, na kila upande una sili ya kuzuia pampu isivuje. Miaka kumi na mitano stoo, mpira unakauka na kukakamaa. Sili ya upande wa sumaku ikivuja, injini inavuta hewa ya ziada ambayo haikupita kwenye kabureta. Petroli inakuwa kidogo, na oili ya kulainisha imo humo humo kwenye petroli, basi joto linapanda huku ulainishaji unashuka. Ule mlio wa kubaki juu ukiachia mkono ndio dalili yake. Sili ya upande wa klachi ikivuja, injini inavuta oili ya gia: utaona moshi mzito usioisha hata ikipata moto, na oili ya gia inapungua bila kudondoka chini. Gia boksi inachukua mililita 250 tu za SAE 30, kwa hiyo ukimwaga ukapata nusu yake, jua nyingine imechomwa.

Kwa hiyo injini inafunguliwa yote, hata kama imewaka vizuri. Sili mbili, beringi za krenki, gasketi zote.

Kuishusha si kazi kubwa: waya za klachi, gia mbili na breki ya nyuma, waya za umeme kwenye kile kiboksi chake, mpira wa petroli, waya za mafuta na choki, bolti ya shokapu chini, halafu ile bolti ndefu ya mbele. Piga picha kila hatua. Kwa nati na bolti, chukua trei za mayai: kila tundu kundi lake, andika kwa penseli pembeni. Nilijaza trei mbili na sikupoteza hata washa moja. Na usiichomoe waya yoyote ya zamani ndani ya bodi kabla hujafunga mshipi wa kuvulia kwenye ncha yake. Waya ya zamani ikitoka, mshipi unabaki ndani, nao ndio utakaovuta ile mpya. Mimi nilizichomoa tu, nikakaa siku nzima natafuta njia kwa tochi.

Zana mbili hutazikwepa. Sumaku inahitaji puli yake ya kuing'olea, usiigonge kwa nyundo, mapezi yake ya kupuliza hewa yatavunjika. Nati ya klachi ina meno manne, inahitaji soketi yake; mimi nilichongewa na fundi mchomeleaji kwa kipande cha bomba gumu na tupa. Kabla hujaitoa sahani ya koili nyuma ya sumaku, kwaruza alama moja ipite kwenye sahani na kwenye kasha, ili kurudisha wakati wa cheche ya plagi pale pale ulipokuwa. Na zikague waya za hiyo sahani. Ganda lake huzeeka na kuvunjika kama biskuti, zinagusana, halafu mnatafuta ugonjwa kwenye kabureta mwezi mzima.

Kasha linagawanyika vipande viwili. Usipenyeze bisibisi katikati hata kidogo. Mkwaruzo mmoja kwenye ule uso wa kukutania ni njia ya hewa, na tumeshaona hewa inafanya nini. Gonga taratibu kwa nyundo ya mpira, litaachia. Ndani, tazama sehemu ya kasha ambako gurudumu la krenki linapita kwa karibu sana kufungua na kufunga njia ya kabureta. Isiwe na mikwaruzo mirefu. Tazama pia kile kidude chenye umbo la msalaba kwenye shafti ya gia. Kama ncha zake zimekuwa duara, gia itakuwa inaruka. Kibadilishe sasa, kwa kuwa hutataka kulifungua tena.

Kuingiza beringi mpya ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Jirani yangu anauza samaki, ana friza. Nilizifunga beringi kwenye mfuko mkavu, zikalala usiku mzima katikati ya migebuka. Asubuhi nikapasha kasha juu ya jiko la mkaa, kwa mbali, nikiligeuza geuza, hadi tone la maji likidondoka linachemka na kutoweka. Aluminiamu imetanuka, chuma kimesinyaa. Beringi ilidondoka kwenye nyumba yake kwa sauti moja tu, bila nyundo. Sili ndizo za mwisho, kasha likishapoa. Gasketi weka kavu au na oili kidogo; silikoni inayomwagika ndani inakwenda kuziba njia.

Silinda: saizi ya kwanza ni milimita 57.8, halafu pistoni zinaongezeka 58.0, 58.2, 58.4. Usichonge silinda kabla ya kuwa na pistoni mkononi. Nunua pistoni, umpe fundi wa mashine vyote viwili, achonge kwa kuifuata hiyo pistoni. Mimi nilituma Dar kwa basi, zaidi ya kilomita 1,200, na duka moja kule likanipa sili zilizokaa rafuni mpaka zimekakamaa kama zile nilizozitoa. Zikunje kwa kidole kabla ya kulipa. Spea za LML, kampuni ya India iliyokuwa ikitengeneza skuta kama hii, zinaingia nyingi tu, usikate tamaa ukiikosa ya Piaggio, wenye Vespa yenyewe.

Kabureta, loweka na upulize, lakini vitundu vidogo visichokolewe kwa waya. Unyuzi mmoja wa brashi ya nailoni unatosha. Tanki, mnyororo mdogo na maji ya sabuni, tikisa hadi mkono uchoke, suuza, anika, suuza tena kwa petroli. Mpira wa petroli usijikunje. Ukijikunja, injini itakufa kila ukivuta mafuta.

Petroli changanya asilimia 2: mililita 100 za oili ya mapigo mawili kwa lita 5. Tumia chupa ya dawa yenye vipimo, usikadirie kwa macho. Ila angalia kwanza kama yako ina tanki lake la oili na kidirisha cha kioo mbele ya siti. Kuna PX zinazojichanganyia zenyewe. Kilomita 500 za mwanzo isiguse mwisho wa mafuta, na kwenye vilima vikali ishushie gia mapema.

Ndipo tuje kwenye urembo wako. Itembelee mwezi mzima ikiwa na rangi yake ya kutu. Utajua siti iwe juu au chini, na kama kweli unataka ya mtu mmoja. Siti ya mtu mmoja inaweza kukaa kwenye bolti zile zile bila kukata kitu, na keria nyuma yake ikafungwa humo humo. Tairi la akiba chini ya kifuniko cha kushoto liache, uzito wake unasaidia kusawazisha injini iliyo kulia. Uchomeleaji wote, hasa sakafu ya miguu ambako maji hukaa chini ya mpira, uishe kabla ya praima. Mimi nilipiga rangi nikiwa na shimo la sakafu, nikaja kulichomea baadaye, rangi ikaungua hadi kwenye kinga ya magoti. Nililipia rangi mara mbili, na ile ya pili ndiyo ipo mpaka leo: rangi ya maziwa, vifuniko vya pembeni kahawia.

Mpiga rangi akianza, mwonyeshe namba za bodi zilipo na umwambie asizipake puti wala kuzisugua. Za PX 150 huanza na VLX1T, za injini VLX1M. Zilinganishe na kadi ya usajili leo hii, na kama kadi bado ina jina la babu, malizeni mambo ya mirathi kwanza ndipo uende TRA kubadilisha jina na rangi kwa pamoja.

Kesho ukiwa Ujiji, kabla ya jambo lolote, toa sumaku uangalie nyuma yake. Kama kuna unyevu mweusi wa mafuta kuzunguka sili, umeshaujua ugonjwa wa kwanza. Piga picha uiweke hapa tuione.