Re: Kamera ya rivasi kwenye tela, ya waya au isiyo na waya?

Mkuu, kwa hiyo tela yako ya kubeba mbao Mafinga mpaka Tunduma, kamera isiyo na waya itawaka ila mi sikushauri. Transmita (kile kinachorusha picha) iko nyuma kabisa, skrini iko kwenye kichwa, katikati lundo la mbao na vyuma, picha inakatakata hasa ukiwa umekunja kona na ndo hapo unaihitaji. Vuta waya tu, pale kichwa kinapoungana na tela weka ule wa kujikunja kama springi wenye plagi yake, wa kawaida utakatika.

Halafu cheki volti!! Lori ni 24, kamera nyingi za madukani ni za gari ndogo volti 12, ukifunga hivohivo inaungua, tafuta iliyoandikwa 12-24V. Umeme wengi wanachukua kwenye taa ya rivasi, sasa ile soketi ya kwanza ya pini 7 inayopeleka umeme kwenye tela kwa kawaida waya wa rivasi haumo, upo kwenye soketi ya pili, fundi apime na testa asianze kukata waya kwa kubahatisha (wapo wengi hao). Ukungu wa huko nao si mchezo, chukua iliyoandikwa IP68, yaani haiingizi maji wala vumbi.